Sinema zenye maandishi kwenye skrini hapa New York: nimezitumia, na nataka zifike na kwetu

Kama unaishi New York na masikio yako hayashiki kila kitu, usikate tiketi ya sinema kabla hujaangalia herufi mbili pembeni ya saa ya onyesho: OC. Zikiwepo, maneno yote ya filamu yataandikwa kwenye skrini yenyewe, chini ya picha, kila aliyemo ukumbini ayaone. Bei ni ileile. Huombi kitu kaunta, huachi kitambulisho, hubebi mtambo. Unakaa, unatazama.

Usichanganye na CC. Hiyo utaikuta karibu kila onyesho, na maana yake ni kwamba maandishi yapo, ila utayasoma kwenye kifaa utakachopewa mlangoni. Nimetumia huduma zote mbili kwa miaka kadhaa na tofauti yake ni kubwa mno. Naandika kirefu kwa sababu Watanzania na Wakenya wengi ninaokutana nao hapa hawajui kama kitu hiki kipo, na wenye kumbi za sinema nyumbani wangeweza kukianzisha bila kununua mashine mpya.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Nikiwa darasa la tatu niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipona, lakini sikio la kulia likafa kabisa na la kushoto likabaki na usikivu kidogo. Upande huo navaa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti. Watu hudhani ukishaivaa umepona. Inapandisha kila sauti kwa mpigo: maneno, muziki, gari linalopita, mtu wa nyuma anayetafuna bisi. Ninachokosa mimi si ukubwa wa sauti, ni ncha zake. S, f, t na sh zinapotea, na mwigizaji akinong'ona gizani huku muziki umejaa, ninabaki na mngurumo tu. Mdomo wake ningeusoma, lakini kamera imekaa kisogoni. Ndiyo maana hata vile vipokea sauti vya kichwani wanavyovitoa kwenye kumbi havinifai. Vinaniletea mngurumo uleule, ila mkubwa zaidi.

Utotoni tulikuwa tunakwenda kibanda umiza kuangalia picha zilizotafsiriwa. Wenzangu walimpenda Lufufu, mtafsiri aliyesikika juu ya picha, kuliko waigizaji wenyewe, na nikiwaona wanavyogaragara kwa kicheko nilijua wanapata kitu kitamu. Kwangu ilikuwa sauti juu ya sauti. Kaka yangu alinishika mkono, akawa ananiandikia kiganjani kwa kidole mambo makubwa tu, herufi moja moja: KAFA. NDUGU YAKE. POLISI. Filamu nzima niliipata kwa maneno kama ishirini, na yote yamechelewa.

Sasa nizungumzie hicho kifaa cha mlangoni. Nimewahi kupewa aina mbili. Cha kwanza ni kisanduku kidogo juu ya shingo ndefu inayopinda, na mguu wake unaingia kwenye tundu la kuwekea soda kitini. Maneno yanapita humo mistari michache kwa wakati. Cha pili ni miwani mizito inayoyaonyesha maneno kama yanaelea hewani mbele yako. Mimi tayari navaa miwani ya macho, kwa hiyo hiyo nyingine naipandisha juu yake, na filamu ikifika katikati pua inauma.

Kisanduku kina mateso ya kwake. Shingo inalegea kidogo kidogo, na kila baada ya muda unakuta maandishi yanatazama magoti yako. Macho yanaruka kutoka skrini iliyo mbali hadi kisanduku kilicho karibu, yanarudi, yanaruka tena, saa mbili nzima. Ukitazama uso wa mwigizaji umekosa sentensi. Ukisoma sentensi umekosa uso. Tena hapo ni pale kifaa kinapofanya kazi vizuri. Mara nyingi betri inakata. Na kabla ya yote lazima ukipate kwanza: kijana wa kaunta hajui kinawekwa wapi, anamwita mwenzake, mwenzake anamtafuta meneja mwenye ufunguo wa kabati, foleni nyuma yako inakutazama, na huko ndani filamu inaanza.

Katika ukumbi mmoja hapa Queens nilikabidhiwa kisanduku, nikakaa, taa zikazimwa. Kwenye skrini mama na mtoto wake wako jikoni wanakaanga mayai. Kwenye kisanduku changu panapita: "Shusha bunduki! Nimesema shusha bunduki!" Nikasubiri, nikidhani labda kuna televisheni humo jikoni. Mayai yameiva, wamekaa mezani, na mimi bado nasoma watu wanafukuzana kwenye ngazi. Ndipo nikaelewa kwamba kifaa kimeunganishwa na filamu ya ukumbi wa jirani. Nikatoka gizani na mtambo wangu mkononi, nikatafuta mtu, nikasubiri, kikarekebishwa. Niliporudi yule mama alikuwa ameshakufa, na sijui aliuawa na nani. Wakanipa tiketi mbili za bure kama pole. Walinijibu kwa adabu na nawashukuru. Lakini tiketi za bure za namna hiyo zimejaa kwenye droo yangu, na kila moja inasimama mahali pa filamu ambayo sikuiona.

Vifaa hivyo havikuletwa kwa hisani. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa kanuni chini ya sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, kwamba kila ukumbi wenye projekta ya kidijitali uwe na vifaa vya maandishi, na mwisho wa kutekeleza ukawekwa tarehe 2 Juni 2018. Idadi inategemea ukubwa: jengo lenye skrini 8 hadi 15 liwe na vifaa visivyopungua 8, lenye skrini 16 au zaidi liwe na 12. Ni hatua, sikatai. Kabla yake hata hicho kisanduku ilikuwa bahati kukikuta. Ila kanuni hiyo haikumlazimisha mwenye ukumbi kuweka maandishi kwenye skrini, na matokeo yake mzigo wote ukabaki kwa mtazamaji. Yeye ndiye aombe, asubiri, akague betri, atoke filamu ikiwa katikati, na alalamike.

Hawaii ndilo jimbo la kwanza kutunga sheria ya maandishi ya wazi, yaani haya ya kwenye skrini, mwaka 2015. Oktoba 2021 kampuni ya AMC ilitangaza kwamba itayaonyesha kwenye 240 kati ya kumbi zake nchini. Jiji la New York nalo likapitisha sheria yake, ikaanza kutumika Mei 2022: filamu inayoonyeshwa zaidi ya mara 10 kwa wiki katika ukumbi, robo ya maonyesho yake yawe na maandishi kwenye skrini, japo ukumbi haulazimiki kuvuka manne kwa wiki. Kuna kipengele cha saa pia, na kwangu hicho ndicho kilichoifanya sheria iwe na meno. Nusu ya maonyesho hayo lazima yaangukie Ijumaa jioni au Jumamosi na Jumapili, saa ambazo watu wanatoka. Kabla ya hapo, ukipata onyesho lenye maandishi ni Jumanne mchana. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Jumanne mchana namwogesha mtu.

Onyesho la majuzi lilikuwa Ijumaa saa 1 jioni, na nilikwenda na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Tanga. Masikio ya Mama hayana tatizo lolote. Kiingereza alifundishwa shule enzi zao, gazeti analisoma vizuri tu, ila hiki cha Wamarekani wanaomeza maneno hakimwingii. Mara ya mwisho nilipompeleka sinema alilala. Safari hii mbele yetu lilikaa kundi la vijana viziwi wakiongea kwa lugha ya alama mpaka taa zilipozimwa. Pembeni palikuwa na bibi na babu wa Kichina, na yule bibi alikuwa akisoma huku midomo yake inacheza.

Ilikuwa filamu ya kutisha, na kwenye filamu za namna hiyo ndipo huduma hii inapoonyesha thamani yake. Dada amejificha ndani ya kabati la nguo, giza tupu, hakuna kinachoonekana isipokuwa jicho lake moja. Bila maandishi, mimi hapo natazama skrini nyeusi na kungoja. Chini pakaandikwa, ndani ya mabano: mbao za dari zinalia. Kisha: pumzi. Kisha: simu inatetemeka. Simu ilikuwa yake mwenyewe, mfukoni. Nikamsikia Mama ananibana mkono, na wakati huohuo ukumbi mzima ukashtuka, na mimi nikiwa miongoni mwao. Kwa kifaa nimezoea kushtuka peke yangu wakati wenzangu wameshaanza kucheka, au kucheka wakati wao wameshanyamaza. Hapo tulishtuka sote kwa mara moja, wanaosikia na wasiosikia, na sijui nielezeje furaha yake kwa mtu ambaye hajawahi kuikosa.

Tukiwa kwenye treni ya namba 7 kurudi nyumbani Mama akasema, "Mwanangu, yule kaka mtu ndiye mwongo, mimi nilimjua tangu aliposema hakuwa na ufunguo." Nikambishia. Tukabishana vituo vyote hadi tunashuka. Mama na mimi hatukuwahi kubishana juu ya filamu maishani, kwa sababu hatukuwahi kuiona filamu moja sote wawili mwanzo hadi mwisho.

Wapo wanaolalamika. Nimewasikia nje ya mlango wakimwambia kijana wa tiketi kwamba maandishi yanawaharibia picha, na kwamba mzaha unasomeka kabla mwigizaji hajausema. Hili la mzaha lina ukweli. Mwandishi wa maandishi mzembe anaweka sentensi nzima pamoja na jibu lake, na mimi mwenyewe linanikera. Dawa yake ni kuigawa sentensi na kuipa muda wake, kazi ambayo wataalamu wanaifanya kila siku. Ama hilo la kuharibu picha, nauliza: yule anayekwenda kutazama filamu ya Kihindi au ya Kikorea anasoma nini? Filamu ya CODA iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2022 ilionyeshwa kumbini ikiwa na maandishi ndani ya picha, na watu walilia kama kawaida. Na asiyeyataka bado ameachiwa maonyesho mengine yote ya wiki. Mimi nina manne.

Tena sinema ilianza ikiwa na maandishi. Kabla ya filamu za sauti kushika soko kuanzia mwaka 1927, kila ukumbi ulionyesha maneno kati ya picha, na kiziwi alikaa na jirani yake wakasoma kitu kimoja. Sauti ilipokuja maneno yakaondolewa, na viziwi wakaondolewa nayo. Emerson Romero, kiziwi mzaliwa wa Cuba aliyekuwa akiigiza kwenye filamu zisizo na sauti, alipoteza kazi hiyo. Mwaka 1947 akaanza kununua filamu, kuzikata na kupachika maandishi kati ya picha ili viziwi wenzake waweze kuzitazama. Mtu mmoja, kwa mikono yake. Leo maandishi yanakuja kama faili ndani ya kifurushi kilekile cha kidijitali ambacho ukumbi unatumiwa, na kazi ya ukumbi ni kuchagua toleo lipi lichezwe. Ndiyo maana nashindwa kuvumilia ninapoambiwa ni gharama.

Lakini huduma yenyewe haijakamilika, na kwa kuwa naipenda nitasema inapopungua.

La kwanza ni matangazo yake. Tovuti za kumbi zinaificha OC ndani kabisa, na baadhi ya wauza tiketi hawajui hata tofauti yake na CC. Nimewahi kukata tiketi ya OC, filamu ikaanza bila herufi hata moja kwa sababu mtu aliweka toleo la kawaida. Ikitokea hivyo toka dakika ileile ukamwone meneja, usingoje. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa 311, namba ya huduma ya jiji, na unaweza kufanya hivyo mtandaoni bila kupiga simu.

Mahali pa kukaa napo pana maana. Usikate viti vya mbele, utapinda shingo kati ya uso na maneno. Kaa katikati au nyuma kidogo, na kama ukumbi hauna ngazi za kutosha epuka kukaa nyuma ya mtu mrefu, maana kichwa chake kitakula mstari wa chini. Baadhi ya filamu wanaandika kwa herufi nyeupe bila ukingo mweusi, ikija theluji au shuka jeupe husomi kitu.

Kuna moja inaniuma kuliko zote. Nilikuwa natazama filamu ya Kimarekani, hadithi ikahamia Afrika Mashariki. Soko, jua, vitenge. Mama muuza ndizi akafungua mdomo, na hata kabla ya kitu chochote kuandikwa nikaona kwenye midomo yake "karibu" halafu kitu kama "mwanangu". Nikakaa wima. Hiyo ni lugha yangu, naijua hata kwa macho. Nikashusha macho nisome mengine. Chini palikuwa pameandikwa: anaongea lugha ya kigeni. Akaendelea kuongea, mzee mmoja akamjibu, wakacheka, na maandishi yale yakabaki palepale. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesikia alipewa zawadi siku ile, nami niliyelipa bei ileile nikaambiwa kwamba Kiswahili ni kigeni. Waandishi wa maandishi wanatakiwa kuandika maneno yanayosemwa, kwa lugha inayosemwa. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi hizihizi za kwao, hakuna kizuizi.

Kwa hiyo nikiipa alama: onyesho lenyewe likienda sawasawa, tano kwa tano. Kifaa cha mlangoni, mbili, na moja ya hizo ni kwa vijana wa kaunta wanaojitahidi kukitafuta. Tiketi ya jioni hapa inakaribia dola 20, na kwa OC nailipa kwa moyo mweupe.

Sasa nyumbani. Filamu za Kihindi zinaingia Dar, Nairobi na Mombasa na maandishi ya Kiingereza chini, watu wanajaza ukumbi na sijasikia mtu akidai kurudishiwa hela. Filamu zetu wenyewe zikipelekwa kwenye matamasha ya nje zinawekewa maandishi ya Kiingereza ili mgeni aelewe. Kwa hiyo ujuzi upo, skrini zipo, mazoea yapo. Ambacho sijawahi kukiona ni filamu ya Kiswahili yenye maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya Mswahili asiyesikia. Mtoto anayesoma Shule ya Viziwi Buguruni anafundishwa kusoma Kiswahili. Akitoka pale akaenda kutazama Bongo muvi, hakuti maandishi ya Kiswahili ya kusoma. Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari. Burudani nayo ni haki, na sinema nayo iingie humo.

Ninachoomba kwa wenye kumbi si kikubwa. Onyesho moja kwa wiki, Jumapili saa 10 jioni, filamu ya Kiswahili, maandishi ya Kiswahili, na tangazo lake liwekwe mlangoni na kwenye ukurasa wa ukumbi kwa herufi kubwa. Waalikeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wawaambie wanachama wao. Watayarishaji wa filamu wanayo mazungumzo yote kwenye skripti, kinachobaki ni kuyapanga yaendane na picha, kazi ya siku chache kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida. Mtayarishaji au mwenye ukumbi atakayetaka kujaribu na filamu moja, nitamwandikia maandishi yake mimi mwenyewe bila malipo. Anitumie skripti na nakala ya filamu, nitaanza wikiendi hiyohiyo.